Jinsi ya Kufikia Mwisho wa Kweli Katika Magemu ya Zamani: Mwongozo Kamili

Bosi wa mwisho ameanguka. Vidole vinauma, pedi imelowa jasho, unangoja binti mfalme atokee yaishe. Badala yake kioo kinaandika kwamba chumba hiki ni kiini macho, ni mtego wa Shetani, songa mbele bila woga. Kufumba na kufumbua uko tena makaburini, steji ya 1, maiti wanafukuka ardhini kana kwamba hujafanya lolote.

Hiyo ni Ghosts 'n Goblins ya Capcom. Yalitukuta mimi na kaka yangu, nyumbani Tanga, kwenye mashine ya kuiga Famicom (mashine ya magemu ya Nintendo, ambayo nje ya Japani iliitwa NES) yenye kaseti ya njano isiyo na hata karatasi ya maelezo. Kaka, ambaye ndiye aliyeshika pedi, alitoa hukumu palepale: kaseti mbovu. Akaichomoa, nasi tukaamini hivyo kwa miaka. Kumbe kaseti ilikuwa nzima kabisa. Gemu lina miisho miwili, na sisi tulifika kwenye ule wa uongo.

Mwongozo huu ni wa magemu manne ya miaka ya 1980 yenye tabia hiyo: Simon's Quest, Metroid, Bubble Bobble, na hilo hilo Ghosts 'n Goblins. Nimeyamaliza yote, mengine kwa kulia. Ushauri wangu wa jumla ni huu: mwisho wa kweli hautaki vidole vyepesi kuliko vya wenzako, unataka ujue sharti lake kabla hujabonyeza Start. Asiyejua sharti anaweza kucheza vizuri kuliko bingwa na bado akarudishwa makaburini.

Kwanza, tofautisha kumaliza na kukwama

Magemu mengi ya mwanzo ya mashine za sarafu hayakuwa na mwisho. Mwenye mashine alitaka ufe upesi uweke sarafu nyingine. Pac-Man ya 1980 inakwenda mpaka levo ya 256, ambapo nusu ya kulia ya kioo inajaa herufi na namba zilizovurugika. Namba ya levo imehifadhiwa kwenye baiti moja, na baiti moja haihesabu kupita 255. Donkey Kong ya 1981 nayo inakatika levo ya 22: muda unaopewa unakokotolewa vibaya, na Mario anakufa hata hajafika juu. Watu husema "nimemaliza Pac-Man" wakimaanisha wamefika hapo. Hawajamaliza, wamegota ukutani.

Baadaye kaseti zilipoingia sebuleni, likaja tatizo la upande wa pili. Mtu aliyelipa pesa nyingi akimaliza gemu kwa siku mbili atanung'unika. Dawa ikawa kuuficha mwisho mzuri nyuma ya sharti: uwahi saa fulani, uwe na kitu fulani mkononi, uje na mwenzako, au urudie safari yote.

Pili, chagua toleo na uandae vifaa

Njia rahisi leo ni matoleo rasmi. Simon's Quest imo ndani ya Castlevania Anniversary Collection ya 2019. Metroid na Ghosts 'n Goblins za NES zimo kwenye huduma ya Nintendo Switch Online, na Bubble Bobble ya mashine ya sarafu imefungashwa ndani ya Bubble Bobble 4 Friends. Mengi ya matoleo haya yanakuruhusu kuhifadhi mchezo mahali popote. Msimamo wangu: hifadhi mwanzoni mwa steji, basi. Ukihifadhi kila baada ya kuruka shimo utafika mwisho, lakini hutakuwa umejifunza steji, na steji ile ile inakuja tena mara ya pili ikiwa kali zaidi.

Kama bado una mashine na kaseti ya kale, acha kuipuliza. Sote tulipuliza, na mate yetu ndiyo yaliyozidi kuziozesha zile pini za shaba. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, chovya kwenye spiriti, futa pini mpaka pamba itoke safi, acha ikauke dakika kadhaa ndipo uichomeke.

Kisha daftari na kalamu. Toleo la NES la Metroid linakupa nywila ya herufi 24, na Simon's Quest linakupa ya 16. Sifuri na herufi O ziandike kwa namna mbili tofauti, sifuri uikate mstari katikati. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa sababu ya kiduara kimoja.

Simon's Quest: usishindane na Dracula, shindana na kalenda

Naanza na hili kwa sababu linasamehe makosa ya vidole. Konami walilitoa Japani mwaka 1987. Shujaa wako, Simon Belmont, amelaaniwa, na dawa ni kukusanya viungo vitano vya Dracula kutoka majumba matano, avipeleke ngomeni, amfufue na kumuua upya. Miisho iko mitatu, na kinachoamua ni siku ulizotumia ndani ya gemu. Siku 15 na zaidi, mwisho mbaya. Siku 8 mpaka 14, wa kati. Ukitaka ule mzuri, maliza ndani ya siku 7.

Siri kubwa ni kwamba saa haitembei ukiwa ndani ya jumba. Nje, usiku na mchana vinapishana: usiku maadui wanakuwa wagumu, milango ya mjini inafungwa, maiti wanazurura barabarani. Kwa hiyo kazi ya kutafuta mioyo, ambayo huku ndiyo pesa, ifanyie ndani ya majumba. Wageni wengi hukesha porini wakichuma mioyo, wakija kushtuka siku tano zimekwisha.

Njia yenyewe ni hii. Unaanza mji wa Jova ukiwa na mioyo 50. Nunua fuwele nyeupe, bei yake ni hiyo hiyo 50. Toka nje, chuma mioyo haraka, rudi uchukue maji matakatifu na, ukiweza, mjeledi wa miiba wa 100. Maji matakatifu usiyadharau, ndiyo yanayovunja sakafu na kuta za bandia. Nenda jumba la Berkeley. Humo kuna jukwaa linalotembea ambalo huwezi kuliona usipokuwa na ile fuwele. Ndani ya kila jumba kuna mtu anayeuza kigingi cha mwaloni kwa mioyo 50. Kinunue, kitupe kwenye ile tufe inayong'aa mwishoni, kiungo kitatoka. Berkeley kinatoka kiungo cha ubavu, ambacho utakitumia kama ngao.

Ukifika mji wa Aljiba kuna mtu atakubadilishia fuwele nyeupe akupe ya buluu. Nenda nayo ziwa la Yuba, ichague kwenye orodha, piga magoti ukingoni na utulie. Kioo kitashuka chenyewe na kukuonyesha njia ya chini kuelekea jumba la Rover, lenye moyo wa Dracula. Mjini Alba utabadilishiwa fuwele ya buluu kwa nyekundu.

Sasa sehemu mbili ambazo ziliwashinda watu duniani kote. Ya kwanza ni mwenye mashua. Ukimpanda hivi hivi anakupeleka njia ya kawaida. Chagua moyo wa Dracula kwenye orodha, uushike, ndipo umsogelee: atakupeleka jumba la Braham, kwenye jicho. Bosi wa humo, Malaika wa Mauti, akifa anaacha kisu cha dhahabu. Usiondoke bila hicho kisu.

Ya pili ni jabali la Deborah. Mwanakijiji anakwambia ulipige jabali kwa kichwa mpaka litoboke. Ni uongo. Simama mwisho wa njia, chagua fuwele nyekundu, piga magoti, usiguse kitu. Hesabu polepole mpaka kumi. Kimbunga kitakuja kikubebe mpaka upande wa jumba la Bodley, kwenye ukucha.

La mwisho ni Laruba, lenye pete. Mpige bosi wa humo, Carmilla, uchukue msalaba wake, kwa sababu bila msalaba hufiki ngomeni. Ngome yenyewe haina adui hata mmoja. Ni korido tupu na muziki, halafu Dracula. Mrushie kisu cha dhahabu mfululizo tangu anapochomoza, hatapata nafasi ya kujikusanya. Ukiwa ndani ya siku 7 utamwona Simon amepiga magoti kaburini, kisha mkono unachomoza udongoni. Ndiyo, huo ndio mwisho mzuri.

Metroid: saa inakuhesabia kimya kimya

Hapa nitakwenda haraka. Gemu lilitoka Japani mwaka 1986, lina miisho mitano, na yote inapimwa kwa muda wa kucheza. Zaidi ya saa 10, shujaa wako Samus anakupa mgongo. Kati ya saa 3 na 5 anavua kofia. Chini ya saa 3 anavua vazi lote la chuma, na hapo ndipo watu walipogundua kwamba ni mwanamke, maana kitabu cha maelezo cha Kiingereza kilimtaja kama mwanamume.

Ukianza, usiende kulia kama kwenye Mario. Nenda kushoto, hatua chache tu, kuna kifaa cha kukufanya ujikunje kama mpira. Baada yake tafuta makombora, mabomu, na mwale wa barafu. Ua mabosi wawili, Kraid na Ridley. Kila mmoja anakuongezea uwezo wa kubeba makombora 75. Ndipo ushuke Tourian, eneo la mwisho. Wale viumbe wanaoelea wakakung'ang'ania kichwani hawafi kwa risasi: wagandishe kwa barafu, kisha makombora matano kila mmoja. Ukimpasua Mother Brain, bosi wa mwisho, usishangilie, hesabu inaanza kutoka 999 kushuka na unatakiwa upande juu kwenye vijukwaa vyembamba mpaka lifti.

Kitu kinachokula muda ni kufa. Ukifa, au ukirudi kwa nywila, unaanza na nguvu 30 tu hata kama ulikuwa na matangi sita. Utasimama mlangoni dakika kumi ukiua wadudu wale wale ili ujaze tena. Kwa hiyo anayetafuta mwisho mzuri hucheza kwa uoga mwanzoni, na ramani huichora daftarini maana gemu halina.

Bubble Bobble: sharti ni mtu wa pili

Gemu hili la Taito la mwaka 1986, lililobuniwa na Fukio Mitsuji, linaonekana la watoto: vijoka viwili, Bub na Bob, vinapuliza mapovu na kuwafungia maadui ndani. Sakafu ziko 100. Ukizimaliza peke yako, hata usipokufa mara moja, gemu linakwambia wazi kwamba huo si mwisho wa kweli, rudi na rafiki yako. Hakuna ujanja. Tafuta mtu.

Mkiwa wawili, kanuni ni kugawana kioo: mmoja juu, mmoja chini, na msigombee matunda. Mkizubaa sakafu moja muda mrefu atatokea mzuka mweupe asiyeuawa, na huyo hukimbiwa tu. Herufi za EXTEND mkizikusanya zote mnapata laifu na kuruka sakafu. Mkifika sakafu ya 20, 30 na 40 bila kupoteza laifu unatokea mlango wa siri. Ingieni, kuna almasi nyingi na maandishi ya mafumbo ukutani.

Sakafu ya 100 mapovu ya kawaida hayamgusi yule jitu mlevi. Chukueni chupa ya radi, kisha pulizeni mapovu ya radi na kuyapasua ili radi impige. Hakikisheni wote wawili mko hai anapopasuka. Kosa la kawaida ni mwenzako kuishiwa laifu sakafu ya 97 na wewe ukajikaza kiume mpaka mwisho. Umefanya kazi bure.

Hata hapo bado. Mkimaliza wawili kwa mara ya kwanza vijoka vinarudi kuwa watu na wachumba wao, lakini mnadokezwa juu ya modi ya Super, yenye maadui waliochanganywa upya. Mkizimaliza sakafu zote 100 za humo mkiwa wawili, ndipo inafunuka kwamba lile jitu mlilolipasua lilikuwa baba na mama yenu, nao wamerogwa. Mimi nimeliona hilo mara moja tu, na binti wa jirani aliyekuwa darasa la saba.

Ghosts 'n Goblins: mara mbili, na ngao mkononi

Nimeliweka mwisho kwa sababu hili usilianze bila mazoezi. Lilitoka kwenye mashine za sarafu mwaka 1985 chini ya Tokuro Fujiwara, na NES mwaka uliofuata. Maelezo yangu ni ya NES, ambako ukiishiwa laifu unaruhusiwa kuendelea bila kikomo. Bila huruma hiyo nisingekuwa naandika haya.

Masharti ni mawili. Umalize gemu zima mara mbili mfululizo, na uwe umeshika ngao unapotoka steji ya 6. Ukiwa na silaha nyingine, gemu linakurudisha mwanzo wa steji ya 5, hata kama umecheza kama malaika.

Anza na kuelewa mwili wa Arthur, shujaa unayemchezesha. Pigo la kwanza linamvua deraya anabaki na chupi, la pili anakuwa mifupa. Akisharuka huwezi kumgeuza hewani. Umeamua kabla miguu haijaacha ardhi. Kwa hiyo usiruke ukikimbia kama hujaona utakapotua. Simama, tazama, ruka.

Silaha unabeba moja tu, na ukipita juu ya nyingine inabadilika hata kama hukutaka. Kisu kidogo ndicho mfalme: chepesi, kinakwenda mbali, kinarushwa haraka. Mkuki unavumilika. Mwenge ni balaa, unarushwa ukaanguka kama jiwe na kuwaka chini. Ukipata kisu steji ya 1, kilinde kama pochi kwenye daladala: ukiona mwenge umelala njiani, uruke. Wanaoangusha silaha ni wale maadui wanaobeba chungu, kwa hiyo muue mwenye chungu ukiwa mbali, uone kimetoka nini kabla hujakanyaga.

Sasa yule mwekundu. Steji ya 1, baada ya makaburi, kuna shetani mdogo mwenye mabawa ameketi chini, ametulia. Anaitwa Red Arremer, na ameua watu wengi kuliko mabosi. Akiamka anapaa, na kila unachorusha mapema anakikwepa. Fanya hivi. Simama mbali kidogo, mchokoze kwa kisu kimoja. Akipaa, usimkimbilie. Akiwa juu kabisa, pita chini yake ugeuke. Mara nyingi anashuka kwa kujipinda kukujia usawa wa kifua. Ngoja mpaka awe hatua mbili kutoka kwako, ndipo urushe visu viwili haraka, ujitoe. Rudia mpaka aishe. Mimi ilinichukua wiki nzima kujizuia kubonyeza mapema. Ukishamuweza huyu, nusu ya gemu umeiweza, maana ndugu zake wanakungoja mbele.

Steji za kati sitazisimulia moja moja. Saa ya steji inakimbia, basi tembea, usipige kambi. Dragoni wa steji ya 3 na ya 4 hupigwa kichwani, mwili wake ni wa kupoteza visu.

Steji ya 5 na 6 ndipo akili inapotakiwa. Ngao ni silaha ya masafa mafupi, kwa hiyo ukiichukua mapema utateseka kupanda ngome nzima, na ukichelewa huipati tena. Ninachofanya: napanda na kisu, naanza kuua wenye vyungu ninapoikaribia nusu ya juu ya steji ya 6, na ngao ikitoka naichukua hapo hapo, nikubali mateso ya dakika chache zilizobaki. Tangu hapo kila silaha nyingine iliyo chini ni mtego wako. Nimewahi kukanyaga mwenge ngazi moja kabla ya mlango. Niliweka pedi chini nikaenda kununua maji.

Kwa ngao msogelee bosi, usimsubiri. Ukimwangusha Astaroth, yule wa kiti cha enzi, utayasoma yale maneno ya mtego, na utarudi makaburini. Usizime! Mzunguko wa pili njia ni zile zile, maadui wana kasi na ukali zaidi, na sharti la ngao liko pale pale. Pumzisha mikono, kunywa chai, endelea.

Idi iliyopita kaka alikuja kunitembelea, nikamkabidhi pedi kwa steji za mwanzo, mimi nikachukua ngome. Tulimaliza mzunguko wa pili saa nane usiku. Binti mfalme akatokea kweli, na kioo kikaandika, kama kinavyoandika kwenye kaseti zote, "Congraturation". Kaka akavaa miwani, akasogea karibu na tivii, akaisoma herufi kwa herufi. "R," akasema. "Si nilikwambia kaseti mbovu?"